Alilosema Rais Chooni

Jumatatu, 3 Machi 2025. Migori

Miaka arobaini na mmoja, miezi mitatu na siku kumi na mbili tangu niondoke kwetu. Nimehesabu leo kwa kulazimishwa. Siku nyingine sihesabu. Mwenye kuhesabu kila siku ni mfungwa, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mwenye goti bovu tu.

Aliyenilazimisha ni Mourine. Nilimfundisha kidato cha tatu. Alikuwa na insha nzuri na ngeli mbaya. Sasa ana kikundi cha maigizo huko Rongo. Amekuja na mswada mnene kuhusu Rais Kahembura na vita vyetu vya mwaka themanini na tatu. Wataucheza Homa Bay, tamasha la maigizo, tarehe ishirini na tatu. Nikamuuliza amevitoa wapi vita vyetu. Kwa simu, akasema. Naam. Siku hizi hata vita viko kwa simu.

Amesikia kwamba nilifanya kazi redioni kule kwetu. Nikakubali: mfasiri wa taarifa ya habari, umri miaka thelathini, nywele kichwani tele. Basi akanisomea kilele cha mchezo. Rais amesimama dirishani. Adui amefika mtoni. Kanali anamsihi apande ndege. Rais anageuka polepole, anasema: "Sitoki!" Ngoma. Pazia.

Akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia neno ni hilohilo. Sikusema uongo. Neno ni hilohilo, silabi tatu. Ila dirisha halikuwepo. Kulikuwa na mlango, umefungwa kwa ndani, na Rais wa Jamhuri alikuwa ameketi upande wa pili anaharisha.

Haya! Nimeliandika. Mara ya kwanza. Karatasi haikuungua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda mazoezini, ukumbi wa kanisa. Mimi ndiye "mshauri wa historia". Nimepewa kiti chenye mto.

Rais anachezwa na Boaz, dalali wa ng'ombe katika soko la Ogwedhi. Sauti yake huvuka hadi Narok bila kibali. Akihutubia taifa, anaishika meza kama anavyoshika nundu ya fahali – anaipapasa, anaisifia, huku anatazama nyuso kuona nani ataongeza bei. Mourine amekata tamaa naye. Mimi nilikaa nimeduwaa. Huyo hasa ndiye Kahembura! Sijawahi kumwona tena hivi tangu siku ile. Lakini mshauri lazima ashauri, nikamwambia apunguze mikono.

"Japuonj," akaniambia – ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwalimu – "huyu rais wenu alikuwa anauza nini?"

Nikamwambia arudie hotuba tangu mwanzo.

Nishani zake ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Nimehesabu kumi na saba. Kahembura alikuwa na kumi na tisa, mojawapo alijitunuku kwa kupona malaria.

Ijumaa, 7 Machi

Vita vimesimama kwa sababu ya Sabato.

Majeshi yote mawili ni vijana wa kanisa hilohilo. Saa kumi wakaanza kuchungulia jua. Saa kumi na moja na nusu shemasi Omwenga akasimama mlangoni na ufunguo wake. Maiti mmoja jukwaani akafumbua jicho akauliza saa ngapi. Kisha marehemu wote wakainuka, wakakunja bendera, wakaenda kuoga wamkaribishe Bwana. Mourine akalalamika kwamba adui ameshika nusu ya daraja, haiwezi kuachwa hivyo. Omwenga akamwambia daraja atalikuta Jumapili palepale.

Nilicheka njia nzima. Nilipofika langoni kwangu kicheko kikakatika.

Daraja letu lilianguka siku ya Ijumaa, tarehe 18 Novemba, saa kumi na mbili jioni. Majeshi yetu hayakuwa ya Wasabato.

Waliokufa darajani ni mia moja na kumi na wanne. Mmoja ni Desderi, ndugu yangu mdogo, Dezi, miaka ishirini na miwili, mwenye redio ndogo ya betri aliyoninyang'anya mimi. Jumatano asubuhi walikuwa wameamriwa warudi nyuma. Mizigo ilikuwa garini. Halafu saa saba mchana wakasikiliza taarifa ya habari. Rais amesema hatoki! Wakashusha mizigo.

Taarifa ile niliiandika mimi.

Jumanne, 11 Machi

Siku ndefu. Nitaandika kwa utaratibu.

Amekuja mtu wa ubalozi wetu, Bwana Tibenda, afisa wa utamaduni. Suti ya kijivu, viatu vinavyoogopa matope ya Migori. Amesikia habari za mchezo wa Mourine na serikali imefurahi. Alinisalimia kwa lugha yetu. Nilimjibu, na maneno yakanitoka kama ya mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Alizaliwa miaka minne baada ya vita lakini anavikumbuka kuliko mimi. Kwamba Rais alipotea vitani, kwa mfano. Kweli alipotea: alipotelea angani, kwenye kiti cha dirishani, akaonekana tena katika hoteli moja ya mbali sana alimofia kwa uzee na nyama nyingi.

Tibenda aliniletea fulana. Nyeupe, kifuani herufi nyekundu: SITOKI. Akaeleza. Kuna vita vipya mpaka wa kaskazini tangu Agosti – hilo nalijua, mimi nasoma magazeti. Nisilolijua ni kwamba vijana wanajiandikisha kwa neno hilo. Limechorwa kwenye malori. Wanaapa kwalo. Kikosi kinachotumwa mstari wa mbele ni marufuku kurudi nyuma. Kinaitwa Kikosi cha Sitoki. Alisema hayo huku anatabasamu kama mtu anayekuonyesha picha za harusi.

Kisha hati. Ukurasa mmoja. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nilimsikia kwa masikio yangu Rais Kahembura akikataa kuiacha nchi yake." Kisarufi haina kosa hata moja. Nimetafuta.

Mimi ndiye niliyebaki katika wote waliosikia. Nitaisoma Homa Bay mara baada ya mchezo, na redio ya taifa itarusha moja kwa moja hadi nyumbani. Itachongwa kwenye mnara pale darajani. Nami nitafutwa kwenye orodha ya watoro wa vita, orodha ambayo serikali nne zimeirithishana kama sufuria ya ukoo. Nitapewa pasipoti. Tiketi ni ya tarehe mbili Aprili.

"Mzee wetu," akasema, "nyumba haisahau mtoto wake."

Nyumba ilisahau miaka arobaini na mmoja bila taabu yoyote. Lakini nakiri: ile hati niliisoma mara tatu, na si kwa kutafuta makosa.

Jumatano, 12 Machi

Nyangi alikuwa anapukuchua mahindi. Mke wangu haachi kazi kwa ajili ya habari, hata ingekuwa habari ya kiyama. Nikamwambia kuhusu pasipoti na tarehe mbili Aprili. Akaendelea kupukuchua.

"Baba Gisiri," akasema mwishowe, "unataka kwenda kwenu, ama unataka kuitwa?"

Huyu mwanamke wa Kikuria nilimpa vitabu asome, sasa ananipiga navyo.

Nikamwuliza yeye je. Akasema kwa miguu hii hawezi kuanza kujifunza salamu mpya. Niende, nisalimie watu, nikirudi nitamkuta. Tukajua wote wawili kwamba mtu wa umri wangu akienda hivyo hurudi akiwa amelala.

Hapa nina hati ya shamba tangu mwaka tisini na moja. Hata hivyo jirani akinipita hunisalimia "jadak!" Ni neno la Kijaluo la mtu aliyekuja kukaa kwenye ardhi ya wengine. Anatania. Ametania miaka thelathini na minne. Siku nikifa watakuja wengi, watalia vizuri, kisha mtu atamwelekeza mgeni: kata kushoto pale kwa jadak. Kule kwetu nisingekuwa jadak hata nikiwa nimekufa.

Ijumaa, 14 Machi

Adelina amepiga simu. Dada yangu, miaka sitini na minane, ndiye pekee aliyebaki. Tibenda amemfikia kabla yangu. Alikuwa na furaha hadi akasahau kumkemea mbuzi aliyekuwa akilia karibu naye. Nafasi yangu ipo, alisema: kati ya kaburi la mama na mgomba mkubwa, amepafyeka jana. Hakuna duniani anayekuambia umefyekewa kaburi kwa sauti tamu namna ile.

Kisha akazungumza juu ya Kemi. Mjukuu wake, miaka ishirini, amejiandikisha jeshini tangu Januari. Amepangwa Kikosi cha Sitoki. Wanapelekwa kaskazini Jumanne ya tarehe ishirini na tano. Analala na fulana.

Adelina huketi kiti cha mbele kila kumbukumbu ya daraja, kwa ajili ya Dezi. Hufunikwa mwavuli wa serikali. Anajivunia Kemi, aliniambia mara mbili kwamba anajivunia. Mara ya pili sauti ikashuka.

"Kaka, wewe ulikuwepo," akasema. "Lile neno lilikuwa la kweli? Nataka nijue namwachia mtoto aende kwa neno gani."

Nikamwambia simsikii, laini ni mbaya.

Laini ilikuwa safi. Nilisikia hata mbuzi akitafuna.

Nikakata simu.

Jumapili, 16 Machi

Goti linauma. Nyangi yuko misa. Nimefunga mlango. Niandike yote, sawasawa, kama taarifa.

Jumatano, 16 Novemba 1983. Jengo la redio, ghorofa ya chini. Rais alikuwa amehamia kwetu tangu Jumatatu kwa sababu kuta ni nene. Usiku wa Jumanne alikula samaki aliyekaa siku mbili bila barafu; mpishi alikuwa ametoroka na aliyepika ni mlinzi. Asubuhi alikuwa mgonjwa. Saa sita na dakika ishirini Kanali akaja mbio: ndege iko tayari, barabara ya uwanjani itafungwa wakati wowote. Akagonga mlango wa choo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido na daftari, nikitafuta chochote cha kutia kwenye taarifa ya saa saba. Nilikuwa na kurasa mbili tupu.

Kanali na Rais hawakuwa kabila moja, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, lugha ya jeshi. Kanali akasema mheshimiwa, toka, tunachelewa. Kutoka ndani: "Sitoki!" Kwa hasira, na kwa uchungu. Kisha sauti ya maji.

Sasa jambo lenyewe. Taarifa yetu ilisomwa kwa lugha yetu. Na lugha yetu si maskini kama Kiswahili katika jambo hili. Ina kitenzi cha mlango na kitenzi cha mpaka. Kutoka chumbani ni kimoja. Kuitoka nchi ni kingine kabisa, hata havifanani kwa sauti. Mtoto wa miaka mitatu havichanganyi. Kiswahili kinavitia vyote kwenye gunia moja: sitoki. Kwa hiyo nilipoketi mbele ya mashine ya kuchapa ilinibidi nichague.

Nikachagua kitenzi cha mpaka.

Watu watasema nilikosea. Ningependa sana niwe nilikosea. Nilifundisha tafsiri miaka ishirini na tisa hapa Migori nikiwaambia watoto: kosa husamehewa. Lakini niliyasikia yale maji. Nilijua. Nilikuwa na kurasa mbili tupu, na taifa lilikuwa linaomba sentensi nzuri, na ile ilikuwa sentensi nzuri mno. Nilijisikia kama mtu aliyeokota almasi... mahali pale.

Saa sita na dakika arobaini Rais alitoka. Alinawa mikono, kwa sabuni. Akapanda gari. Kabla ya saa saba na nusu ndege ilikuwa juu ya ziwa. Taarifa yangu ilirudiwa kila saa hadi Ijumaa. Hapakuwa na mtu wa kuandika nyingine, wala mimi sikuandika nyingine. Baadaye jeshi likalirudisha neno kwenye Kiswahili, likawa Sitoki tena. Lakini sasa lilikuwa limevaa buti.

Jumamosi asubuhi nilipanda lori la chumvi nikaondoka. Nilikuwa sijui habari za Dezi. Nilizipata nikiwa Isebania, mwezi wa pili.

Mwisho wa taarifa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeyasoma tena ya jana. Nimesahihisha koma moja.

Jumanne, 18 Machi

Nimewaambia Mourine na Boaz. Niliwaita kando, nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji. Nilieleza kama somo la vitenzi, na karibu niwaulize kama kuna swali.

Mourine alikaa chini juu ya jiwe. Baadaye akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba dirisha analiondoa, ataweka mlango. La pili, kwamba mchezo utaonyesha mlango tu. Maana ya mlango nitaisema mimi.

"Hiyo tafsiri ni yako, Mwalimu," akasema. "Mimi siwezi kukusahihishia."

Miaka kumi na minane imepita na bado ananilipizia ile alama ya kumi na moja kwa ishirini niliyompa.

Boaz alikataa kabisa. Yeye ni mtu wa heshima. Akiingia choo mbele ya watu Homa Bay, Jumanne ijayo huko Ogwedhi hakuna fahali atakayemuuzia mtu bila kuitwa Rais wa Choo. Watoto wake wasome shule gani? Nikamwambia hatahitaji kuonekana, ni sauti tu. Akafikiri. Akauliza kama rais alikuwa mgonjwa kweli ama ni uoga. Nikamwambia vyote viwili, kwa mpangilio huo. Akasema hapo sasa anamwelewa. Kuna siku yeye mwenyewe aliuza dume lenye kifafa, na mnunuzi alipogonga lango alikuwa chooni vilevile, akakaa humo saa mbili.

Jioni nilimwambia Nyangi. Yote, pamoja na maji. Aliacha kupukuchua. Katika ndoa ya miaka thelathini na saba sijawahi kuona mikono ile imelala hivyo.

"Na ulikuwa unasahihisha Kiswahili changu," akasema.

Alipika uji baadaye. Akaniwekea kikombe kikubwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mlango umekuja, wa kuazima kwa seremala, bado haujapakwa rangi. Boaz akaingia nyuma yake. Metrine wa sauti anamwaga maji kutoka jagi hadi beseni. Mara ya kwanza askari wote walicheka, hata maiti. Mara ya pili Boaz alilisema neno kwa namna ambayo nilishika ukuta. Kanali wa uongo alikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimesimama palepale nilipokuwa nimesimama mwaka ule, na nilitafuta daftari mkononi.

Tibenda alipiga simu kuuliza kama hati nimeisaini. Nikasema bado naipitia.

Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Mji kimya, majeshi yako kanisani. Saa nne asubuhi nimempigia Adelina. Nimemwambia asikate, nikamwambia tena nisije nikakata mimi.

Nilimwambia kwa lugha yetu, kwa hiyo haikuchukua muda. Nilihitaji tu kutaja choo, kisha vile vitenzi viwili, kimoja baada ya kingine. Nilisikia akivuta pumzi.

Kuku. Mtu akikata kuni mbali.

Akauliza, kwa hiyo Dezi alikufa kwa ajili ya tumbo la mtu? Nikamwambia hapana. Kwa ajili ya kitenzi changu.

Akacheka kidogo, kicheko kama kikohozi. Alisema amekaa chini ya ule mwavuli mara arobaini na moja. Kwamba mama alikufa akiwa ameshika picha ya Kahembura na ya Dezi pamoja, akidhani wanajuana. Kwamba amenichukia kwa dakika chache zilizopita na hajui kama ataacha. Hayo yote kwa sauti ileile aliyotumia kunieleza juu ya mgomba. Sikujitetea. Utetezi wangu ulikuwa kurasa mbili tupu.

Nikamwambia amweleze Kemi kabla ya Jumanne.

"Kemi haniamini mimi," akasema. "Anaamini redio. Kaliseme redioni."

Nikasema nitalisema.

"Na ukilisema usije. Watakungoja uwanja wa ndege. Na mimi sijui nitakungoja nikiwa nimeshika nini."

Hakukata simu. Alikaa pale. Tukasikilizana tukipumua hadi salio langu likaisha.

Jumapili, 23 Machi. Homa Bay

Naandikia magotini, mstari wa mbele, kiti cha pili. Umeme umekatika na jenereta inatafutiwa mafuta. Watu wa redio wanasema dakika kumi. Kalamu yangu imeisha wino. Hii ni ya Tibenda – ana kalamu nzuri, nzito. Alinipa nisaini.

Tulikuja na lori la kanisa, mlango umefungwa juu kwa kamba. Pale Rongo polisi alitusimamisha akauliza mlango bila nyumba unaenda wapi. Boaz akamwambia ni wa Ikulu. Tukapita.

Mchezo umekwisha robo saa iliyopita. Ukumbi ulijaa, wengine wamesimama ukutani. Vita vya Wasabato vilikwenda vizuri, ila adui mmoja alikufa mara mbili. Halafu mlango. Kanali akagonga. Boaz, kutoka ndani: "Sitoki!" Maji. Homa Bay nzima ikaangua kicheko – mama mmoja nyuma yangu alimpiga jirani yake begani hadi kilemba kikaanguka. Kisha askari wa darajani wakaletewa habari kwa redio, nao wakashusha mizigo yao, mmojammoja. Kicheko kikaanza kufa kutoka mbele kwenda nyuma. Yule mama ndiye wa mwisho kunyamaza. Walipolala chini wote, nilisikia mtu akiuliza kwa Kijaluo kama ilikuwa kweli.

Tibenda hakucheka. Hakukasirika pia, ni mwanadiplomasia. Aliniinamia akasema Wakenya ni watu wa mzaha, si neno, mimi ndiye nitakayeweka mambo sawa nikipanda. Nyumbani wanasikiliza. Kambi ya Kemi imewekewa spika uwanjani, kikosi kizima kimeketi kwenye nyasi. Alisema hilo ili kunipa moyo. Kisha akanipa kalamu.

Nyangi yuko kulia kwangu. Amevaa kitambaa cha Krismasi. Nilimnong'oneza kwamba naogopa. Akasema niseme polepole, na ngeli nizishike.

Nitaanza kwa lugha yetu. Nitasema: Marekebisho ya taarifa ya saa saba mchana, Jumatano ya tarehe 16 Novemba 1983. Kisha vitenzi viwili. Mtoto wa miaka mitatu ataelewa. Huenda na askari. Kama watanikatia hewani baada ya kitenzi cha kwanza, basi lazima kile cha mlango kitangulie. Nimefikiri sana juu ya mpangilio huo. Kwa Kiswahili mtu angeweza kujificha.

Taa zimewaka. Jenereta inanguruma vibaya. Mourine ananipungia mkono kutoka jukwaani, ameshika kipaza sauti, na Boaz amenitolea kiti, bado na vizibo vyake kifuani. Tibenda anatazama goti langu. Anadhani ninaloandika ni sahihi. Hati iko chini ya daftari, safi. Goti linagoma kuinuka na Nyangi ameshanishika kiwiko.

Kwetu sitarudi.